Barua ya wazi kwa wakuu wa takwimu: mlibadilisha maswali, alafu mkatangaza umaskini umepungua

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, ofisi ya takwimu ya taifa
Nakala: Waziri mwenye dhamana ya fedha na mipango, waheshimiwa wabunge wote

YAH: UTAFITI WA MATUMIZI YA KAYA NA NAMBA YA UMASKINI MLIYOITANGAZA

Ndugu Mkurugenzi, na waheshimiwa mliotajwa hapo juu,

Salamu kwenu. Sikupenda barua hii isomwe na kila mtu. Ya kwanza niliiandika kwenye karatasi nikaipeleka mwenyewe mapokezi, ikagongwa muhuri, kimya. Nikatuma imeli, nikajibiwa na ile imeli inayojijibu yenyewe kwamba ujumbe wako umepokelewa. Nikamtafuta aliyekuwa msimamizi wangu akaniambia kijana achana nayo hayo, yanakuzidi kimo. Mi naona hayanizidi, maana hiyo namba mliyoitangaza imepita mikononi mwangu. Nilikuwa mdadisi wenu. Ndo mimi niliyekuwa napiga hodi na kishikwambi, na kabla ya hapo, raundi ya utafiti iliyotangulia, nilipiga hodi na madodoso ya karatasi kwenye begi, kwa hiyo raundi zote mbili nazijua, na najua wapi zinafanana na wapi hazijuani kabisa.

Mi sio mchumi na sina chama. Simtuhumu mtu kwamba kapika namba. Ninachosema ni kwamba raundi zile mbili hazikuuliza kitu kimoja, nyie mkaziweka kwenye grafu moja, mkachora mshale unaoshuka, alafu tukiomba kuona dodoso na data mnatuambia tusubiri. Malalamiko yangu ni haya.

1. Maswali yalibadilika

Raundi ya kwanza tuliuliza kaya imetumia kiasi gani kwa mwezi uliopita, yani siku 30. Orodha ilikuwa fupi, vitu vimefungwa kwa mafungu, unauliza fungu unapita fungu. Raundi ya pili tukaambiwa chakula tuulize siku 7, na orodha ikawa ndefu mpaka watu wanasinzia mbele yako, kila kitu na mstari wake. Ambaye hajawahi kushika dodoso atasema si sawa tu, matumizi si ni yaleyale? Hapana. Mtu ukimuuliza mwezi mzima anasahau, vile vidogo vidogo vya kununua kwa chenji vinapotea vyote anabaki na vile vikubwa. Ukimuuliza wiki anavikumbuka, na wakati mwingine anakuvutia humo humo na alichonunua wiki mbili nyuma, maana kichwani kwake ni kama juzi. Ukimtajia kimoja kimoja ndo kabisa, anashtuka, "eeh na hicho kweli nilinunua". Kwa hiyo kaya ileile, mfuko uleule, inatoka na matumizi makubwa kwenye dodoso la pili kuliko la kwanza, na matumizi yakipanda kwenye fomu kaya inaruka mstari wa umaskini, yani kile kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake anahesabiwa maskini, bila kuongezewa hata senti.

Hili silitoi kichwani. India wamelibishania miaka na miaka. Kwenye miaka ya 1990 walijaribu kuwapa baadhi ya kaya swali la siku 7 na nyingine lile lao la kawaida la siku 30, na kwa kubadilisha muda tu idadi ya maskini ikashuka kwa karibu nusu, yani watu karibu milioni 200 wakatoka kwenye umaskini kwa kalamu. Alafu kwenye utafiti wa 1999 hadi 2000 wakamuuliza mtu yuleyule maswali yote mawili, siku 7 na siku 30, na ukimuuliza mtu hivo lazima ayalinganishe majibu yake asionekane mwongo, basi utafiti ule ukawa haulinganishiki vizuri na wa nyuma. Angus Deaton, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2015, ni mmoja wa waliokaa chini kujaribu kuunyoosha. Mtaalamu wa kiwango hicho ilimchukua kazi kubwa kuzilinganisha raundi mbili, nyie mmezilinganisha kwa aya moja kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Na kule Tanzania, 2007 hadi 2008, watafiti walichukua kaya zaidi ya 4,000 wakazigawa kwa bahati nasibu kwenye makundi 8, kila kundi na namna yake ya kuulizwa: wengine daftari la kuandika kila siku, wengine kukumbuka wiki, wengine kukumbuka kwa muda mrefu zaidi, orodha ndefu, orodha fupi. Nchi moja, wakati mmoja, watu wa aina moja, na kiwango cha umaskini kikatofautiana kwa kutegemea tu umeuliza vipi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Mkiniambia mliohusika hamkuyasoma nitashangaa kweli, maana kazi yenyewe ndo hiyo.

Alafu kuna la msimu. Raundi ya kwanza tulizunguka miezi 12, tukawakuta watu wakati wa neema na wakati wa dhiki. Ya pili tulimaliza haraka haraka ndani ya miezi michache tu, na ilikuwa miezi ambayo watu wametoka kuvuna. Mtu aliyevuna juzi na mtu anayesubiri mavuno hawawezi kukupa jibu moja, hata kama ni yuleyule.

Simaanishi dodoso la zamani lilikuwa zuri. Inawezekana kabisa hili jipya liko karibu zaidi na ukweli na kwamba huko nyuma tuliwazidisha maskini. Kubadilisha ruksa. Lakini ukitaka kubadilisha unaigawa sampuli, yani zile kaya zilizochaguliwa kuulizwa, nusu unawauliza kizamani nusu kipya, muda uleule, ndo utajua kwenye ule mshuko ni kiasi gani kimeletwa na maswali na kiasi gani kimeletwa na maisha. Timu yetu haikupewa dodoso la zamani hata kwa kaya moja. Kama kuna timu walipewa, semeni ni ipi, nitafuta hoja hii na kuomba radhi hadharani.

2. Mstari wenyewe umepandaje?

Bei zimepanda, kila mtu anajua. Ili useme fulani sio maskini tena lazima mstari upande na bei. Swali langu ni bei za nani. Mfumuko wa bei mnaoutangaza kila mwezi unapima kapu la watu wote, pamoja na wenye magari na wanaolipia shule za gharama, wakati kapu la maskini sehemu kubwa ni chakula. Chakula kikipanda kuliko vingine na nyie mkaupandisha mstari kwa mfumuko wa jumla, mstari unabaki chini ya pale unapotakiwa kuwa. Nimesoma taarifa yenu mara tatu, hilo halimo.

Msiseme wananchi tutachanganyikiwa mstari ukisogezwa. Benki ya Dunia wamesogeza wa kwao mara ngapi? Walianza na dola 1 kwa siku mwaka 1990, ikawa 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 wakaupeleka dola 3. Kwa hiyo ya mwisho idadi ya mafukara duniani kwa mwaka 2022 ikatoka milioni 713 ikawa milioni 838. Watu milioni 125 wameongezeka bila mtu kufilisika siku hiyo! Lakini walieleza ni kwa nini, na wakaupeleka mstari mpya mpaka miaka ya nyuma ili jana na leo zipimwe kwa kipimo kimoja. Hata Marekani, mstari wao umejengwa juu ya hesabu aliyofanya mtumishi wa serikali yao, Mollie Orshansky, miaka ya 1960, gharama ya chakula mara tatu, kwa kutumia utafiti wa matumizi wa mwaka 1955. Mzee kweli huo mstari na wengi wanausema vibaya, ila wanausema kwa sababu wanajua ulivyotengenezwa. Wa kwetu hata kuusema vibaya hatuwezi.

3. Ambao hatukuwagongea mlango

Mtaani watu wanauliza mbona mi sikuulizwa, wanaona ndo ushahidi wa uongo. Hapo nawatetea nyie. Huhitaji kuuliza kila mtu. Mtafiti Seebohm Rowntree alipopima umaskini mji wa York, Uingereza, mwaka 1899, zilifikiwa familia 11,560, karibu kila familia ya wafanyakazi mji mzima. Miaka kama 13 baadaye mtakwimu Arthur Bowley akaenda mji wa Reading, hukohuko Uingereza, akachukua kaya chache tu kwa mpangilio na akapata picha ya mji. Supu huimalizi sufuria ili ujue chumvi.

Ila supu lazima uikoroge kwanza. Orodha yetu ya kaya ilitoka kwenye sensa ya zamani. Kuna maeneo tulifika tukakuta nyumba zimebomolewa, na pembeni yake kuna makazi mapya yamejaa watu ambayo kwenye ramani ni pori, hatukuruhusiwa kuyagusa. Wanaolala nje hawana mlango wa kugongwa. Mfanyakazi wa ndani anayelala jikoni mwenye nyumba anasema "huyo sio wa kaya yangu", basi inabidi aandikwe huko kwao, na huko kwao wanasema haishi hapa. Anayehamahama na mifugo ukimkosa leo umemkosa. Kwa upande wa juu nako ni vilevile, majumba yenye mlinzi getini, tulikuwa tunasubiri nje mpaka jioni tunaambiwa bosi kasafiri.

Na tukimkosa mtu tulielekezwa tuchukue jirani aliyepo nyumbani ili tusichelewe. Nisemeje hapa. Anayepatikana nyumbani saa sita mchana na anayetoka alfajiri kurudi usiku sio mtu mmoja. Utaratibu mzuri unasema unarudi, unarudi tena, na ukibadilisha kaya unaandika sababu. Nataka kujua ni kaya ngapi zilibadilishwa. Kishikwambi kinarekodi, hiyo namba mnayo.

4. Tunamuuliza mkuu wa kaya, alafu tunagawa sawasawa

Hili fupi ila linaniuma. Tunachukua matumizi ya kaya, tunagawa kwa idadi ya watu, tunasema kila mmoja kapata kiasi hiki. Nani kakwambia ndani ya nyumba wanagawana hivo? Kuna utafiti wa nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara ulioonyesha kwamba karibu robo tatu ya wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye lishe duni hawapo kwenye kaya za asilimia 20 za chini kabisa. Yani wapo kwenye nyumba ambazo sisi tungezipitisha kwamba haziko vibaya sana. Nilikaa na mkuu wa kaya mmoja akanijibu kila kitu kwa kujiamini, mkewe kasimama nyuma yake ananitikisia kichwa kwamba hapana, hapana, na dodoso halina sehemu ya kuandika kichwa kilichotikiswa.

5. Sisi wadadisi

Hapa nakiri ya kwangu. Mlitupangia kaya nyingi kwa siku kuliko muda uliokuwepo, dodoso linachukua masaa, posho inachelewa wiki kwa wiki. Ikifika kaya ya mwisho giza limeingia na mtu anataka akapike, nimewahi kuuliza fungu zima kwa sentensi moja na kujaza sifuri kwenye mistari iliyobaki. Sijisifu. Wapo waliofanya zaidi ya hapo. Mkiangalia muda wa kuanza na kumaliza kila mahojiano, ambao kishikwambi kinaurekodi chenyewe, mtaona mahojiano ya masaa yamekwisha kwa dakika chache. Mmeangalia? Maana hatujasikia mtu hata mmoja kurudishwa kazini kuulizwa.

6. Watu hawajui wanaulizwa ya nini

Nimepokewa na kaya zilizoficha pikipiki nyuma ya nyumba kwa sababu kiongozi wa eneo aliwaambia hawa wanaandikisha watu wa kupewa msaada. Mbele kidogo kaya nyingine imeficha hivohivo ila kwa sababu wamesikia ni watu wa kodi. Wote wawili wamenidanganya na wote wawili walikuwa na akili timamu kabisa. Kupima umaskini wa nchi na kuchagua nani asaidiwe ni kazi mbili tofauti, na hamkutumia hata tangazo moja la redio kuwaeleza.

7. Data imefungiwa

Mngekuwa mmeifungulia hii nisingeandika sita za juu, ningezipima mwenyewe au angezipima anayejua kuliko mimi. Kanuni za msingi za takwimu rasmi za Umoja wa Mataifa, za mwaka 1994, zikapitishwa na Baraza Kuu Januari 2014, zinasema takwimu zitolewe bila upendeleo kwa wananchi wote na njia zilizotumika zielezwe. Nchi yetu ni mwanachama.

Kufungia kuna mwisho wake, tumeuona kwa wenzetu. Argentina, takwimu zao za bei zilipoingiliwa kuanzia 2007, na namba ya umaskini ikaegemea bei hizohizo, watu wakaacha kuziamini, mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa lawama rasmi, na baadaye namba ya umaskini yenyewe ikaacha kutangazwa. Iliporudi Septemba 2016 ilisoma asilimia 32.2. India nao Novemba 2019 serikali ilikataa kutoa matokeo ya utafiti wa matumizi wa 2017 hadi 2018, ikasema data ina ubora hafifu, na mpaka matokeo ya utafiti mwingine yalipotoka 2024 nchi ya watu zaidi ya bilioni moja ilikuwa inabishana kwa makadirio. Nyie mmefanya katikati: namba mmetoa, kilicho chini yake mmeficha. Sijui kama hiyo ni afadhali.

Najua mtakachojibu

Mtasema hela hakuna. Kufanya utafiti ni ghali, nakubali, na nchi nyingi hazifanyi kabisa: Benki ya Dunia walihesabu nchi 155 kati ya 2002 na 2011, wakakuta 29 hazina namba ya umaskini hata moja na 28 zina moja tu, ambayo huwezi kuilinganisha na chochote. Sisi tunazo mbili, tushukuru. Lakini ninachoomba kwenye barua hii sehemu kubwa ni kupakia mafaili ambayo tayari yapo.

Mtasema siri za kaya. Hapo tuko pamoja kabisa, mi mwenyewe niliwaapia watu mlangoni kwao kwamba jina lao halitatoka. Ondoeni majina, ondoeni namba za simu, ondoeni kijiji na alama za ramani, bakisheni mkoa. Nchi kibao zinatoa data za kaya namna hiyo kila raundi na sijasikia aliyeumbuliwa.

Mtasema haya ni mambo ya kitaalamu. Basi wapeni wataalamu. Vyuo vimejaa walimu wa uchumi na takwimu ambao hawajaiona hiyo data.

Na mtasema naharibu sura ya nchi. Hii sina jibu lake zuri. Wale walionifungulia mlango na kuniambia wamelala bila kula mara ngapi wiki ile nao ni nchi.

Ninachoomba

(a) Ndani ya siku 30 yatoeni madodoso yote mawili, mwongozo wa wadadisi wa raundi zote mbili, na maelezo ya namna mstari wa umaskini ulivyopandishwa.

(b) Ndani ya miezi mitatu toeni data ya kaya iliyoondolewa utambulisho, pamoja na idadi ya kaya zilizobadilishwa na muda wa kila mahojiano.

(c) Mpaka hapo, ile sentensi ya kwamba umaskini umepungua iondolewe kwenye hotuba na vipeperushi, au iwekewe maelezo chini yake kwamba dodoso lilibadilika na muda wa kukusanya ulibadilika.

(d) Chukueni sampuli ndogo, haihitaji kuwa kubwa, muulize kaya hizi kwa dodoso la zamani na nyingine kwa jipya, kwa wakati mmoja, tujue pengo. Wadadisi wa zamani tupo wengi na kazi hatuna.

(e) Raundi ijayo, kabla hamjaanza, waelezeni watu redioni na kwenye mikutano ni utafiti wa nini, na mkimaliza rudini kwenye maeneo mliyouliza mkawasomee walichosema. Kuna mzee wa kike, kaya ya tatu kwenye eneo langu la mwisho, alinijibu kwa masaa mawili na nusu bila kupumzika, nilipofunga kishikwambi akaniuliza, "Sasa na nyie mtakuja lini kutuambia?" Nikamwambia karibuni, bibi.

Wabunge mliopo kwenye nakala, bajeti mnayoipitisha inagawa hela kwa mikoa kwa kufuata namba hizi hizi. Mkoa wako ukionekana umetoka kwenye umaskini kwa sababu ya dodoso, fungu linapungua na utalieleza wewe, sio mkurugenzi. Ulizeni.

Namba yangu ya simu mnayo. Ni ileile mliyokuwa mnapiga saa kumi na moja alfajiri kuniuliza nimemaliza kaya ngapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mdadisi wa raundi zote mbili